Nilifungua Nyumba ya Dada Yangu kwa Watu Tusiowajua

Nakiri kwamba kwa mkono wangu mwenyewe niliiweka sebule ya dada yangu mkubwa mbele ya macho ya watu tusiowajua. Nakiri pia kwamba binti aliyekuwa akimlelea mtoto alipotuambia kuna jambo haliendi sawa, mimi ndiye niliyesema ni mwongo. Kosa la kwanza lilitokana na papara na ujuzi wa nusu. La pili halina udhuru wowote, na ndilo linalonifanya niandike.

Dada ni muuguzi mjini Morogoro. Wiki hii yuko zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku. Shemeji anafanya kazi mkoa mwingine na hurudi nyumbani mara chache. Mtoto wao alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na dada alipokuwa kazini alibaki na dada wa kazi, binti mpole aliyetoka kijijini kuja kutafuta maisha. Dada hakuwa na ugomvi naye. Alitaka tu awe anamwona mwanawe akiwa hospitali. Akanunua kamera ndogo ya ndani, ile inayogeuka kushoto na kulia kwa amri ya simu, yenye kipaza sauti na taa za kuonea gizani, akaiweka juu ya kabati la televisheni.

Programu ya simu iliyokuja na kamera ilikuwa ikikatika ovyo. Picha inaganda, au haiji kabisa. Akanipigia. Katika ukoo wetu, simu ikigoma au king'amuzi kikipoteza chaneli, ninaitwa mimi. Sijasomea mitandao, kazi yangu ni uhasibu. Lakini nilikwisha kuzoea kuitwa fundi, na sifa hiyo ilininyima ujasiri wa kutamka maneno mepesi kabisa: hili silijui vizuri. Nikapanda basi kutoka Dar es Salaam nikijua nitafanya nini. Nitafungua poti kwenye ruta ili dada aifikie kamera moja kwa moja, bila kupitia programu ile.

Lazima nieleze kazi ya ruta, maana bila hivyo uzito wa nilichokifanya hautaonekana. Kampuni ya intaneti huipa ruta anwani moja ya kutokea nje. Ndani ya nyumba, ruta yenyewe hugawa anwani za ndani kwa kila simu, kompyuta na televisheni, na mara nyingi huanza na 192.168. Anwani za aina hiyo zilitengwa miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani tu, kwa hiyo ya kwako inaweza kufanana kabisa na ya jirani, na hakuna mtu wa nje anayeweza kutuma ujumbe moja kwa moja kwenye anwani hiyo. Simu yako ikiomba ukurasa, ruta hukumbuka ni nani aliyeomba na humrudishia jibu lake. Ujumbe ambao haukuombwa na mtu ndani ukifika, ruta haijui umpe nani, na huutupa. Wengi wetu hatujui kwamba kule kutupa ndiko kunakotulinda.

Kufungua poti ni kuondoa sehemu ya ulinzi huo kwa makusudi. Unaiambia ruta kwamba ujumbe usioombwa ukija kwa namba fulani, usiutupe, upeleke kwenye kifaa fulani. Namba za poti zinafika 65,535, na kila huduma ina yake iliyozoeleka: kurasa za wavuti 80 na 443, video za kamera 554, Telnet 23. Ukifungua poti moja, umemruhusu yeyote aliye na intaneti, popote duniani, aongee na kifaa hicho kwa namba hiyo. Kinachomzuia baada ya hapo ni kifaa chenyewe, na nenosiri ulilokiwekea.

Kikwazo cha kwanza nilikiona mapema. Anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta ilianza na 100.64, na haikuwa ile ambayo tovuti za nje zilikuwa zikiiona. Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 ili kampuni ziweze kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa sababu anwani za aina ya zamani hazitoshi. Mteja aliye kwenye mpango huo hata akifungua poti zote kwenye ruta yake, hakuna kitakachoingia. Nikamshauri dada aombe anwani yake binafsi ya nje, akakubali kulipia nyongeza kila mwezi. Pesa ile ilinunua hatari, na mimi ndiye niliyemshawishi ailipe.

Kisha nikaandika kanuni yenyewe: poti ya nje, poti ya ndani, anwani ya kamera. Nikahifadhi. Nikashika simu, nikaandika anwani ya nje, nikasubiri. Kimya. Nikazima ruta na kuiwasha. Kimya. Nikaichomoa kamera na kuirudisha. Bado.

Kumbe kanuni ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Simu yangu ilikuwa kwenye waifai ya nyumba ileile, na ruta nyingi za nyumbani haziwezi kuupokea ujumbe unaotoka ndani kwenda kwenye anwani yao ya nje kisha ziugeuze urudi ndani. Ningezima waifai nikatumia bando la laini yangu, ningeiona picha mara moja na kazi ingeishia hapo. Sikulijua hilo. Badala ya kutafuta kosa langu, nilitafuta dawa kali zaidi.

Dawa ile ilikuwepo kwenye menyu ya ruta, herufi tatu tu: DMZ. Ukiiwasha na kuchagua kifaa, ujumbe wowote usioombwa, kwa poti yoyote isiyo na kanuni yake, unapelekwa kwenye kifaa hicho. Nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba si jambo la kufanya kwa mazoea. Nikaiwasha, nikachagua kamera, nikajiambia nitarudi kuizima nikipata nafasi. Nikaaga, nikachukua bajaji kwenda stendi ya Msamvu. Njiani nikafungua simu, ambayo sasa ilikuwa inatumia bando. Picha ya sebule ikaja, safi. Nikampigia dada nikamwambia imekubali. Niliisifu DMZ kwa kazi iliyofanywa na kanuni niliyokuwa nimeidharau, na sikuizima.

Upande wa kamera nao sikuumaliza. Nilimtengenezea dada akaunti yake yenye nenosiri gumu, nikaridhika. Akaunti kuu ya kiwandani niliiacha na nenosiri lake la kiwandani, lililoandikwa kwenye kijitabu ambacho yeyote anaweza kukipakua. Na nyuma ya ukurasa wa mipangilio kulikuwa na Telnet, huduma ya zamani ya kuingia kwenye mtambo kwa kuandika amri, yenye akaunti yake ambayo haionekani kwenye menyu na mwenye kamera hawezi kuibadilisha. Kabla sijafika, huduma hiyo ilisikika ndani ya kuta za nyumba tu. Nilipoondoka, ilisikika dunia nzima.

Nilijiambia: nani duniani anaijua nyumba ya muuguzi wa Morogoro? Hoja hiyo huwaponza wengi, kwa hiyo naijibu wazi. Anayekutafuta hahitaji kukujua. Anwani zote za aina ile ya zamani ni kama bilioni 4.3, na kwa mashine idadi hiyo ni ndogo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, wakaonyesha kwamba kompyuta moja yenye laini nzuri inaweza kugonga poti moja ya anwani zote hizo kwa muda usiofika dakika 45. Tangu mwaka 2009 kuna Shodan, mtambo wa utafutaji unaokusanya majibu ya vifaa vilivyo wazi, zikiwemo kamera, na kumwezesha mtu kuvitafuta kwa nchi au hata kwa mji.

Mwaka 2016 ndipo dunia ilipopata somo kubwa. Programu haribifu ya Mirai ilizunguka mtandaoni ikitafuta kamera, ruta na mashine za kurekodi video zilizoacha Telnet wazi, ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yasiyozidi sabini. Orodha fupi namna hiyo ilitosha kukamata vifaa kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi la vifaa hivyo lilielekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikisaidia tovuti kubwa zipatikane kwa majina yao, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter, Netflix na nyinginezo. Vijana watatu wa Marekani walikiri mahakamani mwaka 2017 kwamba ndio walioitengeneza na kuitumia Mirai. Kufikia wakati huo msimbo wake ulikuwa umekwisha kumwagwa hadharani na wengine walikuwa wakiutumia. Haya yote yalikuwa yamejulikana miaka kadhaa kabla sijaigusa ruta ya dada. Niliyasoma kama habari za watu wengine.

Sasa nifike kwa binti.

Alikuwa wa kwanza kuona. Alimwambia dada kwamba kamera inageuka yenyewe usiku. Dada akadhani ni yeye mwenyewe aliyeigeuza kwa simu akasahau. Siku nyingine binti akasema inamfuata anapodeki, akienda upande wa mlango inageukia mlango, akirudi jikoni inarudi naye, wakati dada yuko chumba cha wagonjwa na simu yake iko kwenye kabati. Mwishowe akaanza kuifunika kwa kanga kila dada anapoondoka.

Dada alifungua simu akakuta giza. Akanipigia, na mazungumzo hayo nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Aliniuliza kama kamera inaweza kujigeuza. Nilijibu kwamba haiwezi, labda umeme ukirudi baada ya kukatika. Kisha nikaongeza jambo ambalo sikuulizwa. Nikasema: "Huyo hataki kuonekana anachokifanya. Mwangalie vizuri."

Sikuwa na ushahidi wowote. Nilichokuwa nacho ni kazi yangu mwenyewe niliyotaka kuilinda. Kama binti anasema kweli, basi mimi nimekosea. Kama binti anadanganya, basi mimi ni fundi mzuri. Nikachagua linalonifaa. Na nililichagua kirahisi kwa sababu ya nafasi yake: binti wa kijijini, hana simu ya maana, hajui ruta ni nini, mshahara wake mdogo, na hana mtu mjini wa kumsemea. Angesema shemeji kwamba kamera inamfuata, ningepanda basi siku hiyohiyo.

Dada alimgombeza na kumkataza kuifunika kamera. Binti alikaa kimya. Muda si mrefu akaomba ruhusa ya kwenda kwao, akaenda, hakurudi. Tulisema wasichana wa kazi ndivyo walivyo.

Ukweli ulikuja kwa njia ya kawaida sana. Intaneti ya nyumba ikawa nzito, kisha kampuni ikamtumia dada ujumbe kwamba laini yake inatoa mashambulizi kwenda nje na itakatwa asiporekebisha. Nikaenda Morogoro. Kwenye kamera kulikuwa na ukurasa wa kumbukumbu ambao sikuwahi kuufungua. Niliufungua. Akaunti kuu, ile niliyoiacha na nenosiri la kiwandani, ilikuwa imeingiwa mara nyingi kutoka anwani za nje ya nchi, nyingi usiku. Nilisoma tarehe moja baada ya nyingine na nikaona zinarudi nyuma hadi miezi ambayo binti alikuwa bado yupo. Kila alichokisema kilikuwa kweli. Mtu aliigeuza kamera. Mtu alimfuata alipokuwa akideki sebule, na kipaza sauti kilikuwa kimewashwa.

Hapo ningeweza kusema kila kitu. Badala yake nilizima DMZ, nikafuta kanuni, nikaichomoa kamera, nikamwambia dada kwamba kifaa kilikuwa kibovu na kilikuwa kinakula intaneti. Neno "kibovu" lilikuwa uongo wa kunikinga mimi. Dada akashukuru. Akanipa na nauli ya kurudia.

Niliishi na uongo huo hadi dada aliponipigia siku moja kuniambia mwenzake wa kazini naye anataka kamera, na amenisifia kwake. Nikaona kwamba kimya changu sasa kinaelekea kuifungua nyumba nyingine. Nilienda Morogoro, nikakaa naye, nikamweleza: DMZ, nenosiri, kumbukumbu, tarehe, na yale niliyosema kuhusu binti. Nilitegemea aulize kuhusu mtoto au kuhusu picha zake mwenyewe. Aliuliza kwanza, "Yule binti yuko wapi?"

Tulimpata kwa simu ya mjomba wake. Dada aliomba msamaha kwa kumgombeza. Zamu yangu ilipofika nilimwambia kwamba aliyosema yalikuwa kweli, kwamba kosa la kuiacha kamera wazi ni langu, na kwamba mimi ndiye niliyemfanya asiaminiwe. Alinijibu, "Mimi nilisema, kaka." Kisha akauliza kama picha zake ziko kwa watu. Nilimjibu ukweli, kwamba sina njia ya kujua wala ya kuzirudisha. Dada alimtumia mshahara wa mwezi aliokuwa amemkata alipoondoka asirudi. Nami nilimtumia cha kwangu, nikijua fidia hiyo haifiki kwenye jambo lenyewe.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaihesabu kuwa jinai kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini yake. Aliyeingia ni mhalifu, na sijifanyi yeye. Lakini uhalifu wake haufuti uzembe wangu, wala haugusi kabisa uongo wangu.

Kwa wanaofanya kazi hizi, kwa ujira au kwa undugu, nawaambia niliyoyalipia gharama. Kamera ya ndani haihitaji poti iliyofunguliwa. Anayetaka kuiona nyumba yake akiwa mbali afunge VPN kwenye ruta au kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani, ili simu yake kwanza ithibitishwe ndipo iingie. Programu ya VPN iitwayo WireGuard ni ya bure, na baadhi ya ruta za siku hizi zinayo. Poti inayofunguliwa kwa ajili ya WireGuard yenyewe haimjibu asiye na ufunguo, kwa hiyo anayepita akigonga haoni kitu.

Kama kuna sababu ya kweli ya kufungua poti nyingine, fungua ile moja tu, kwa kifaa ambacho umebadilisha maneno yake yote ya siri na kusasisha programu yake. Jaribu kwa bando la simu, si kwa waifai ya ndani. Usidhani kubadilisha namba ya poti ya nje kunakuficha, maana mashine zinazotafuta zinaweza kupitia namba zote. Zima UPnP, ile huduma inayoviruhusu vifaa vijifungulie poti bila kukuuliza. Kazi ikiisha, futa kanuni siku hiyohiyo. DMZ usiiguse.

Na kabla ya kamera yoyote kuwashwa, kila anayeishi au kufanya kazi ndani ya nyumba hiyo aambiwe iko wapi, inaona nini na nani anaitazama, naye awe na haki ya kusema hapana mahali anapolala na anapobadilisha nguo. Sikumuuliza yule binti hata neno moja. Nilimpita sebuleni nikiwa na simu mkononi.

Ewe msomaji, kama umewahi kufungua poti nyumbani kwako au kwa mtu aliyekuamini, ingia kwenye ruta hiyo leo na uangalie orodha ya kanuni na sehemu ya DMZ. Ukikuta kosa, rekebisha, kisha mwambie mwenye nyumba hata kama ataacha kukuita fundi. Na aliye mdogo kuliko wote ndani ya nyumba akikuambia kifaa kinafanya jambo la ajabu, mwamini kwanza, ndipo ukague.